Punje ya Baba

Tangu enzi za babu, gunia la kahawa halikufungwa katika nyumba ile kabla mwenye shamba hajang'ata punje moja na kuusikia mlio wake. Sasa kiharusi kilikuwa kimemlegeza baba taya, kwa hiyo Ndeshi alimwinamia kitandani, akaing'ata punje karibu na sikio lake. Ilialika kama kijiti kikavu.

“Bado,” alisema mzee.

“Baba, hata juzi ulisema bado. Imekauka hii.”

“Haraka ya nini, mwanangu? Mkishafunga magunia, mtanifunga na mimi.” Alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Nje, mdogo wake Ndeshi, Aminieli, aliita kutoka kwenye vichanja vya kuanikia. “Dada, mvua imeshavuka kilima. Ikilowa kahawa hii, tumekwisha. Amesemaje?”

Ndeshi alimtazama baba yake, kisha akaenda mlangoni, vipande vya punje vikiwa bado ulimini.

“Amesema iko tayari. Fungeni.”

Nyuma yake mzee aliunyoosha mkono wake uliobaki na nguvu, akakikunjua kiganja, akangoja apewe punje nyingine.