Mashuka ya Shemeji

Uliyaona yale mashuka, usijifanye. Ulipita pale ukienda kununua mkate, ukayaona uani yananing'inia, yanachuruzika maji katikati ya ukame, ukageuza shingo kama mtu aliyeitwa upande wa pili. Basi leo kaa usikilize.

Aliyeyakodolea macho alikuwa mmoja tu: mjumbe wa mtaa, yule mliyempachika jina la Kizibo. Sheria za maji zilipobandikwa ukutani, ndoo mbili kwa siku kwa kila nyumba na kufua Jumamosi pekee, alizishika kama urithi wa baba yake. Alinusa hata povu la sabuni mtaroni. Kule juu kwa wakubwa mipira ya maji ilimwagilia nyasi mchana kutwa, lakini Kizibo hakuwahi kukipanda kile kilima. Eti goti linamsumbua.

"Hapa hakuna cha ndugu wala jirani!" alifoka mkutanoni. "Mama yangu mzazi kisima kimemkaukia kijijini, akataka kuja kwangu. Nimemwambia abaki huko huko. Sembuse nyinyi!"

Mkampigia makofi. Na wewe ulipiga.

Mashuka yalikuwa ya shemeji yake, mjane wa kaka yake, nyumba zao zimepakana ukuta. Hawakusemeshana tangu wiki ya msiba, Kizibo alipomtaka ahame nyumba ya marehemu, naye akamtimua na mwiko mkononi, waombolezaji wakitazama. Hilo Kizibo hakulisahau. Sasa kila asubuhi akawa anachungulia juu ya ukuta. Jumatatu, mashuka. Jumanne, mashuka. Jumatano tena, na moja kuukuu, pindo lake limeshonwa kwa mkono kwa uzi mwekundu. Lile lilimkera kuliko yote, hata mwenyewe hakujua kwa nini.

Alhamisi akabisha hodi, nyuma yake fundi wa idara ya maji.

"Shemeji, leo siku gani?"

"Unaijua."

"Na hayo yanayodondoka uani ni nini, jasho?"

"Nina mgonjwa ndani. Hawezi kuinuka, kila kitu hapo hapo kitandani. Ulitaka nimlaze kwenye uchafu?"

"Mgonjwa gani? Kaka yangu ulishamzika. Au umeshampata wa kujaza nafasi?"

Fundi aliguna kicheko, halafu akaona haya, akainamia mkoba wake wa vifaa.

Mjane hakupandisha sauti. Alishika pazia la mlango, akalivuta pembeni. "Ingia umwone kwa macho yako. Ukitoka, ndipo ufunge."

Ndani mtu alikohoa, kikohozi chembamba kisicho na nguvu. Kizibo akautazama mtaro.

"Mimi si daktari. Fundi, funga."

Koki ikazungushiwa waya, waya ukabanwa kwa muhuri wa madini ya risasi. Milango ya majirani yote ilikuwa wazi nusu. Mmoja akanong'ona, "Maskini wee," kisha akaurudisha mlango wake taratibu usilie. Sauti ile unaijua ni ya nani.

"Utaniletea maji wewe mwenyewe," mjane alimwambia Kizibo, akaliachia pazia.

"Subiri mvua!" akacheka, akaenda zake.

Jumamosi, siku halali ya kufua, kamba ya mjane iliamka tupu. Kizibo aliichungulia, akarudi ndani akipiga mluzi. "Dawa imemwingia," alimwambia mkewe. Akaoga kwa kopo moja, asizidishe ndoo zake mbili, akavaa shati safi, na alipokuwa anafunga vifungo simu ikaita. Dada yake, wa kijijini.

"Kaka." Kilio kikamkatiza. "Mama ametutoka. Alfajiri ya leo."

Kizibo akakaa kitandani pwaa. "Nakuja. Nakuja sasa hivi. Nakimbilia basi, jioni nitakuwa hapo. Msimzike bila mimi."

"Uje huku kumfuata nani? Mama hayupo huku."

"Hayupo? Yuko wapi?"

"Ulipomkataa, shemeji yako alikuja kumchukua mwenyewe. Mama akatuapisha sote tusikwambie, usije ukaaibika mbele ya watu wako. Yuko hapo, kaka, nyuma ya ukuta wako. Na shemeji yako hana hata tone la kumwoshea, bomba lake mmelifunga. Toka na ndoo! Unanisikia? Toka na ndoo!"

Na wewe uliyerudisha mlango, unangoja nini? Toka na yako.