Kope za Jumanne

Siku ya Jumanne mzee alipepesa kope mchana kutwa, na hakuna aliyejua anasema nini.

Ugonjwa ulikuwa umemchukua ulimi na mikono, ukamwachia macho. Binti yake, kitinda mimba, akamtungia programu: kamera miguuni pa kitanda inasoma kope, kompyuta inaandika herufi. Miaka miwili nyumba ilisikia amri zake, hata utani. "Chai hii sukari imeiona kwa mbali," aliandika siku moja.

Jumatatu binti alisasisha maktaba ya Python, ile ya hesabu za kisayansi ambayo programu yake iliitegemea. Kulipokucha programu ikagoma.

Leo Jumamosi mama alikaa kando ya binti yake. Chumba kilikuwa na giza la mchana. Pazia lilikuwa vilevile mama alivyolifunga siku ya Jumanne, alipomwona mumewe anapepesa mno, akadhani jua linamchoma macho. Walizungumza chinichini, kama walio karibu na mtu aliyelala.

"Imekufa kabisa?"

"Haijafa, mama. Ile kazi ya kusafisha mawimbi ya kope imehamishwa. Zamani ilikaa sebuleni, sasa wameiweka chumba cha ndani. Programu inaiita palepale pa zamani."

"Inapiga hodi kwa aliyehama."

"Ndiyo hivyo. Nabadilisha mstari unaoiita, basi." Binti hakuinua uso. "Nilibonyeza mwenyewe, mama. Ningengoja wiki moja tu."

"Yaliyopita si ndwele, mwanangu. Andika. Una hakika aliyoyapepesa Jumanne yapo?"

"Kamera haikugoma. Kupepesa kwake kote kumo humu."

Mama akafumba macho, akasali kimoyomoyo. Alimwomba Mungu jambo moja: neno la mumewe, hata liwe la lawama.

Binti akabonyeza. Kosa jingine, kazi ya pili nayo ilikuwa imehama. Akaifuata huko ilikokwenda, akabonyeza tena. Kompyuta ikakaa kimya, kisha herufi zikaanza kudondoka moja moja, kama maji ya bomba bovu.

FUNGUA PAZIA NIKUONE.

Ikaandika hivyo mara moja, mara mbili. Mama alihesabu hadi kumi na tisa.

Alikwenda dirishani, akalifungua pazia. Jua likaingia mpaka kitandani, kwenye godoro alilolikunja mwenyewe Alhamisi, walipotoka kumzika.