Maktaba ya Stesheni

Odile alikata kamba ya gunia kwa meno, na kwa mara ya kwanza mumewe hakumgombeza kwa ajili ya gunia hilo.

Walikuwa wamefukuzwa Kolwezi pamoja na watu wote wenye asili ya mkoa wa Kasai, na sasa walilala kwenye stesheni ya mji huo wakisubiri treni ya kuwaondoa. Wenzao waliokoa sufuria na magodoro. Odile, aliyetunza maktaba ndogo ya mtaa, aliokoa gunia la vitabu.

Kando yao mtoto wa jirani alikuwa akiharisha tangu asubuhi. Macho yalikuwa yamezama, na ngozi ya tumbo, ukiifinya, ilichelewa kurudi.

Odile akafunua kitabu cha afya. "Sikia, mama. Maji ya kuchemsha, sukari, na chumvi kidogo. Anywe polepole, hata akitapika."

"Sukari na chumvi tutapata wapi huku?"

"Mi niko nazo."

Aliyejibu alikuwa muuza maandazi, mwenyeji wa Kolwezi, wa upande wa waliowafukuza, akiwa nyuma ya uzio wa stesheni. Watu wakamkazia macho bila kumsalimu. Hata hivyo akaingia, akawasha mkaa wake, akachemsha maji.

Mtoto akanywa kijiko kwa kijiko. Kufikia jioni alilia kwa nguvu, na machozi yakamtoka. Mama yake akacheka huku naye analia.

Muuza maandazi hakuondoka.

"Mama," alimwambia Odile kwa sauti ya chini, "batoto ba kwetu pia banaharisha. Mi sijui kusoma. Unisomee tena, nishike mu kichwa."

Odile akasogea, akampa nafasi kwenye mkeka, na kuanza ukurasa upya.