Bomba la Tatu

Saa mbili na dakika ishirini asubuhi, msichana aliyevaa koti zito alishuka kwenye basi linalounganisha viwanja viwili vya ndege vya jiji hilo, akiburuta sanduku lililobakiwa na gurudumu moja zima. Ndege ya kwanza ilikuwa imemshusha uwanja wa kaskazini. Ya pili ingeondokea uwanja huu wa kusini, saa kumi na moja jioni. Mchana wote huo alikuwa na kazi moja tu: kusubiri na kuona haya.

Haya hiyo ilitoka kwa mwenzake. Walikuwa wanafunzi wawili wanaokwenda chuo kimoja. Mwenzake alikuwa amewekewa chumba cha hoteli na mjomba wake, apumzike mpaka jioni. Yeye alikuwa ameelekezwa benchi na baba yake mzazi.

"We shoga," mwenzake alikuwa amemwambia ndani ya basi, "baba mkaguzi wa viwanja vya ndege, halafu mwanawe analala kwenye mbao! Kweli mganga hajigangi." Akacheka mpaka abiria wa mbele wakageuka.

Msichana akageukia dirisha. Mtaani kwao baba yake aliitwa Mzee wa Viwanja. Alikuja jijini hapa kufanya kazi kiwandani, kisha mwaka juzi akasema amepata kazi ya ukaguzi. Tangu hapo, kila alipopiga simu, nyuma yake zilisikika sauti za kutangaza ndege. Mama aliweka simu kwenye spika na kuwanyamazisha majirani. "Tulieni msikie. Yuko kazini huyo."

Msichana alimpigia baba yake palepale kituoni.

"Baba, umeniaibisha."

"Najua, mama. Ningekuwa jijini ningekupokea mwenyewe. Nimetumwa nchi ya jirani, narudi wiki ijayo."

"Na hoteli je?"

"Hoteli ni kujipotezea muda. Utalala fofofo, ndege ikuache. Nisikilize. Usikae viti vya mbele, vina vyuma vya kugawa, huwezi kunyoosha mgongo. Pita mpaka nguzo ya mwisho, kabla ya ukaguzi. Nyuma yake kuna benchi la mbao. Mlinzi mwenye ndevu hana neno na mtu. Wa miwani ndiye mkali, ila huyo huingia jioni. Ukitaka kunawa, mabeseni yako nje ya vyoo. Bomba la tatu lina maji ya moto. La kwanza lina alama nyekundu, lakini ni uongo mtupu."

"Kumbe mnakagua hata mabomba?"

"Hasa mabomba."

"Baba, wenzangu wanapokewa na ndugu zao. Mimi napokewa na benchi." Akakata simu kabla hajajibiwa.

Benchi lilikuwepo. Chini yake palikuwa na kadibodi iliyokunjwa, kona nne zimelingana, kama shati lililotoka kwa dobi. Aliisogeza kwa mguu, akaweka sanduku. Kisha akaenda kunawa. Bomba la kwanza lilitoa maji ya barafu. La tatu lilitoa ya moto. Hilo likamkera zaidi. Mtu anajua mpaka tabia za mabomba, anashindwaje kumtafutia mwanawe kitanda?

Mama mmoja mfagiaji alifika na fagio lake, akasimama.

"Leo mwenye nyumba yuko wapi?"

"Mimi sina nyumba hapa, mama. Napita tu."

Mfagiaji alimtazama usoni kwa muda, kama anayetafuta kitu alichowahi kukiona. Akafagia kulizunguka sanduku bila kuligusa.

Baadaye mlinzi mwenye ndevu alipita akiwaamsha vijana wawili waliolala sakafuni karibu na mlango. Alipofika kwenye benchi akapunguza sauti ya redio yake ya mkononi, akaendelea na safari yake. Msichana akalala.

Alipoamka, jua lilikuwa limehamia vioo vya upande wa pili. Mwenzake alikuwa amemtumia picha ya kitanda cheupe: "Kinakusalimia." Hakucheka wala hakukasirika. Mgongo haukuuma. Kilichouma ni yale aliyoyatamka asubuhi. Baba ni baba, hakatiwi simu. Alijizoazoa, akapiga tena.

"Baba, nisamehe. Nilisema vibaya."

"Umelala?"

"Nimelala vizuri kuliko ndani ya ndege."

"Basi, yamekwisha." Baba aliongea kwa sauti ya chini. "Mimi niko kwenye njia ya kurukia huku, jua la utosi, wanapaka mistari upya. Ukifika chuoni, mpigie mama yako kwanza."

Juu ya kichwa cha msichana kipaza sauti kilikwaruza. Mwanamke akatangaza kwamba mwavuli wa njano uliovunjika mpini umesahaulika dawati la nne, mwenyewe aufuate.

Ndani ya simu, mwanamke yuleyule akatangaza kwamba mwavuli wa njano uliovunjika mpini umesahaulika dawati la nne.

Msichana aliitazama nguzo. Hakuizunguka.

"Maji ya moto yalikuwepo, baba," akasema. "Bomba la tatu."

"Nilikwambia."

"Haya, rudi kazini. Usije ukachelewa kwa ajili yangu."

"Haya, mama."

Alivua koti lake, akalikunja kona kwa kona, kama baba yake alivyomfundisha kukunja mashati. Akaliweka juu ya kadibodi, chini ya benchi, akaburuta sanduku mpaka kwenye ukaguzi bila kugeuka.