Kuchakuro na Mrehani wa Mama Yake

Alikuwapo Kuchakuro mmoja wa kike, mnyama mdogo wa mitini mwenye mkia wa manyoya, asiyejua kutulia. Marehemu mama yake alimwachia mrehani ndani ya chungu. Kipupwe kilipoingia akauhamishia nyumbani, na hapo ndipo hofu ilipomwanza. Asubuhi aliusogeza dirishani, mchana akaurudisha mlangoni, na kila alipopita aliutilia maji. Majani yakageuka manjano, yakaanza kupukutika.

Jirani yake Fuko, asiye na maneno mengi, alikuja akaunusa udongo.

"Dada, mizizi inaoza. Wakati wa baridi mti haunywi sana. Uache kidogo."

"Niuache ufe? Mama hakuniachia kingine!"

Fuko akaaga. Alipoondoka, aliondoka na kata ya kuchotea maji.

Kuchakuro alipoikosa alichanganyikiwa. Akapekua nyumba nzima, akapanda miti, akawauliza ndege, akarudi, akatoka tena. Siku zikapita yeye yuko mbioni, na udongo ukakauka chunguni. Mwishowe akaiona kata yake mlangoni kwa Fuko.

"Mwizi! Umeniulia mti wa mama!"

"Basi twende tukauzike," Fuko akasema.

Walipofika walikuta shina limechipua majani mawili mabichi. Kuchakuro akaketi chini akalia.

Fuko akamrudishia kata. Papo hapo Kuchakuro akainuka, akachota maji mtungini, akayapeleka hadi juu ya chungu. Akasimama hivyo kitambo. Kisha akakumbuka kuwa tangu jana hajatia kitu kinywani, akayanywa yote mwenyewe.