Bonyeza Nyuma

“Bonyeza nyuma,” mkuu wa kitengo alisema.

Mama Pacha akabonyeza. Fomu ya likizo aliyokuwa ameijaza nusu ikatoweka, na mfumo aliokuwa akiitengenezea ofisi ukamtupa nje mpaka kwenye ukurasa wa nywila.

“Umeona? Miezi saba unatujengea nyumba ya mlango mmoja! Mtu akitoka sebuleni kurudi jikoni, anajikuta barabarani.”

Ofisi nzima ilisikia. Alitaka isikie.

Na hakukosea, ndiyo maana iliuma. Likizo, mishahara, malalamiko, vyote vilikaa kwenye ukurasa mmoja uliojibadilisha sura tu, huku anwani yake mtandaoni ikibaki ileile; kurudi nyuma kukawa ni kutoka nje.

“Kila sehemu iwe na anwani yake,” mkuu aliendelea. “Nikirudi nyuma, nirudi palepale nilipokuwa, na nilichoandika nikikute. Ijumaa mkurugenzi anakuja kukagua. Na wewe una malalamiko mawili tayari. La tatu likiingia, fungasha.”

“Malalamiko yasiyo na jina. Anayeyaandika anajificha.”

“Usinitazame mimi. Mimi nikikuchukia nakwambia usoni.”

Mama Pacha hakumwamini. Nani mwingine angemtakia mabaya hivyo?

Aliyemfariji alikuwa karani wa masjala, mwanamke wa makamo ambaye ofisi nzima ilimwita Shangazi, kwa jinsi alivyowalea wote kwa chai na pole. “Achana na hicho kitufe, mwanangu,” alimnong’oneza. “Watu wameshazoea. Utajiua bure kwa mtu asiye na shukrani.”

Hakuachana nacho. Aliandika njia moja baada ya nyingine: ya likizo, ya mishahara, ya malalamiko. Akaifundisha seva, kompyuta kuu ya mfumo, isimkatae mtu anayeingia moja kwa moja kwa anwani ya ndani. Jumatano vikagoma vyote. Alhamisi alasiri vikakubali, akaweka toleo jipya hewani bila kumwambia mtu.

Ijumaa akachelewa dakika ishirini. Pacha mmoja alikuwa amechemka kwa homa. Alimweleza Shangazi tu. Mkuu angemla mzima.

“Pole, mwanangu. Mimi sijasikia kitu.”

Baadaye alipopita kwenye meza ya Shangazi, alimkuta anachapa mbiombio. Shangazi akabofya mahali, skrini ikabadilika.

“Naomba likizo na mimi,” Shangazi alisema, akicheka. “Mgongo umenishinda.”

Saa nne mkurugenzi aliketi mbele ya ukuta mweupe, kalamu mkononi. Mama Pacha akachukua waya wa projekta auchomeke kwenye kompyuta yake.

“Si hiyo,” mkuu alimkata. “Hiyo umeshaifundisha uongo. Tutumie ya mtu mwingine.” Akaangaza huku na huku, akanyanyua kompyuta ya Shangazi, ambaye alikuwa ameenda kumchemshia mgeni chai.

“Mwenyewe hayupo,” Mama Pacha alisema.

“Basi hatakusaidia kudanganya.”

Ukutani ikatokea fomu ya likizo ya Shangazi, mistari miwili imejazwa. Mkuu akafungua ukurasa wa mishahara. Akamtazama Mama Pacha kama mtu anayesubiri panya aingie mtegoni, akabonyeza nyuma.

Fomu ikarudi. Mistari yote miwili, hadi nukta ya mwisho.

Mkurugenzi akaitikia kwa kichwa, akaandika kitu.

“Bahati,” mkuu alinguruma. “Kitu hiki hakifiki hatua ya pili.” Akabonyeza tena, kwa nguvu, kama anayeua mbu.

Kikafika.

*Lalamiko. Jina: lisitajwe. “Leo tena Mama Pacha amechelewa, eti mtoto ana homa. Hii ni mara ya tatu naandika na huyu mwanamke bado”*

Hapo maneno yalikatika. Mlango ukasukumwa kwa kiwiko, sinia likatangulia.

“Chai hiyo, wanangu,” Shangazi alisema. “Mbona mmenyamaza?”