Kima na Mlango wa Choo

Kima, mzazi katika shule ya bondeni, hakujua kutulia. Kwenye mkutano wa wazazi alirukia dirishani, akashuka, akapanda tena, akifoka: "Choo cha wasichana hakina mlango tangu masika! Binti zetu wanasitiriana kwa mabawa! Kamati ipo kweli?"

Wazazi wakapanga mstari mrefu nyuma yake, akachaguliwa kuingia kamati ya shule.

Kikao cha kwanza, hata dakika mbili hakukaa. Alizunguka, akachezea kitambaa cha meza, akakifunua. Akaona bawaba mbili na maandishi ya rangi: WASICHANA.

"Jamani, si ndio mlango wenyewe huu!"

"Ndio," akasema mwenyekiti Nyegere, asiyeogopa mtu. "Tukiurudisha, chai yako tutaiweka wapi?"

Kima akatazama kikombe chake. Chai ya maziwa, na vitumbua viwili pembeni. Akarudisha kitambaa, akaketi.

Mkutano wa wazazi uliofuata, Kanga, mama wa vifaranga saba, akasimama. "Mheshimiwa, ule mlango vipi?"

Mkia wa Kima haukutulia. "Subira, Mama Kanga. Hakuna kikao tunachokaa bila huo mlango."

Kengele ya mapumziko ikalia. Binti wawili wa Kanga wakakimbilia chooni, mmoja aingie, mwenzake atandaze mabawa.